Mafuta ya Mkia

Novemba, Arkhangai, mto umeganda.
Baba anapasua kifua cha kondoo,
mpasuko wa kiganja, si zaidi,
anaingiza mkono, anautafuta mshipa mkuu,
anaubana kwa vidole viwili.
Hakuna tone linalomwagika thelujini.
Mnyama anatazama mbingu, kisha hatazami kitu.

Huyu ni wa saba. Kuna na ng'ombe mmoja,
na nusu ya farasi aliyotupa mjomba Gombosuren.
Vyote vitagandia kwenye ghala la mbao,
vituvushe hadi majani yaote tena.
Usiniulize habari za mchicha.
Hapa ardhi ni jiwe miezi saba.

Mimi ni mpima damu, hospitali ya Tsetserleg.
Mwaka huu zilipita mkononi mwangu chupa mbili
nilizozijua kabla sijasoma majina.

Ya kwanza ya dada yangu, Nominchimeg,
siku ya tisa tangu ajifungue.
Wekundu wake ulikuwa wa chai ya majani yaliyorudiwa.
Saba nukta nne.
Mama hakumngoja daktari.
Alichemsha mifupa usiku kucha,
akampa bakuli, akamwambia mchuzi hunywewa ungali moto,
akampa ini, akampa nyama ya shingo,
na mtoto akamtilia mdomoni kipande cha mafuta ya mkia
kilichochomekwa kijiti asije akakimeza.
Akakinyonya kama mzee aliyerudishiwa kiko chake.
Wiki ya sita nikapima tena:
kumi na moja kasoro kidogo.
Ndiyo, alimeza na vidonge vya chuma.
Mama anasema vidonge vilipita njia iliyofagiliwa na mchuzi.
Sikubishana. Kucha za dada zilikuwa na rangi.

Ya pili ya baba.

Niliizungusha mashineni, ikajitenga,
na pale juu, panapokaa maji ya rangi ya majani makavu,
palikaa kitu cheupe, kizito,
kama uji uliosahaulika.
Nilisimama nayo dirishani muda mrefu.
Nilikijua kile cheupe.
Nilikinyonya mimi, alikinyonya yeye,
na mwaka ule wa majira mabaya, akiwa na miaka sita,
mbuzi wakifa wamesimama,
ndicho kilichomtoa hai upande wa pili wa baridi.

Lehemu imevuka mstari.
Asidi ya yuriki imevuka mstari na haina haraka ya kurudi.
Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba, kinang'aa kama kitunguu;
ngozi ya kulalia ikikigusa tu
anamtukana kondoo, na mama wa kondoo.

"Jongo," nikamwambia. "Daktari Enebish anasema upunguze nyama."
"Nipunguze nyama nile nini? Theluji?"
"Na mafuta. Na figo. Na pombe."
"Na kupumua je?"

Nilinunua kabichi tatu kutoka lori la mjini,
bei yake aibu kuitaja.
Nilinunua karoti zilizokunjamana kama vidole vya mtu mzee.
Sasa jioni naiacha sufuria nje ipoe,
mafuta yanaganda juu yake, sahani nzima, ya manjano,
nayainua kwa kisu
na kumpa mbwa, ambaye hajawahi kunipenda hivi.
Baba anaangalia tu.
"Umenipimia damu," anasema, "sasa unanipimia na sufuria."
Lakini anakula. Kabichi anaitafuna
kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa vibaya.

Jana usiku upepo ulitikisa hema,
jiko likawa jekundu hadi kwenye bomba.
Mtoto alikuwa mapajani mwa dada na kijiti chake,
kidevu kinameremeta.
Baba alikuwa ng'ambo ya moto, mguu juu ya mto,
bakuli la nyama kavu isiyo na hata utepe mweupe.
Wakatazamana, babu na mjukuu,
kwa muda usio wa kawaida.

Kisha baba akaniomba chumvi.
Nikajifanya sikusikia.